Jinsi ya kuandaa ubao wa "Siku Kama ya Leo"

Nina stesheneri Mwanga, hapa Kigoma mjini. Kila asubuhi, kabla sijawasha mashine ya fotokopi, naandika kwa chaki kwenye ubao uliotundikwa barazani mambo mawili au matatu yaliyotokea tarehe kama ya leo. Wanafunzi husoma wakisubiri kopi zao, vijana wa bodaboda husoma wakisubiri abiria, na wapo wazee wa Ujiji ambao wakija mjini kwa shughuli zao hupitia kwangu kwanza kuona leo kuna nini. Walimu kadhaa wameniomba niwaeleze ninavyofanya, maana wanataka kuanzisha ubao wa namna hiyo shuleni kwao na kuusoma mstarini. Nawaeleza hapa kwa kirefu.

Tarehe mbili kufanana peke yake hakuna uzito. Mwaka una siku 366 tu ukiijumlisha 29 Februari, na binadamu wamefanya mambo kwa maelfu ya miaka, lazima yapandane. Wanaofundisha hesabu wanalijua hili: darasa likiwa na watoto 23, uwezekano wa wawili kuzaliwa tarehe moja umeshapita nusu, na darasa la watoto 60, kama yalivyo mengi ya huku kwetu, uwezekano huo unapita asilimia 99. Kinachomfanya mpita njia asimame mbele ya ubao ni kujua mambo hayo yamekutana vipi. Je, kuna mtu aliichagua siku ile kwa makusudi, au yameangukiana? Ukiweza kulijibu swali hilo kwa kila tarehe unayoiandika, ubao wako utasomwa.

Daftari kwanza

Kuandika ubao ni kazi ya dakika chache. Kazi yenyewe iko kwenye daftari. Nunua kaunta buku ya kwaya nne. Ina kurasa 384, kwa hiyo kila tarehe inapata ukurasa wake na zinabaki kurasa 18 za nyuma, ambazo nitazieleza mwishoni. Andika tarehe zote juu ya kurasa kabla hujaingiza tukio hata moja, kuanzia 1 Januari mpaka 31 Desemba, na 29 Februari usiiruke. Inachosha, lakini ukishamaliza, jambo lolote utakalolisikia redioni au kulikuta kitabuni linakwenda moja kwa moja mahali pake. Anayepanga daftari lake kwa miaka atajikuta kila jioni anapekua kurasa zote kutafuta kilichotokea kesho yake.

Kila tukio liandikie mwaka, mahali, wahusika, na ulikolipata. Hilo la mwisho usilionee uvivu. Siku mzee atakapokuuliza, "Hili umelitoa wapi, mwanangu?" ujibu bila kubabaika.

Tena weka kalamu tatu. Penseli ni kwa jambo ambalo bado hujalihakiki. Bluu ni kwa jambo lililohakikiwa na limeangukia tu siku hiyo. Nyekundu ni kwa jambo ambalo watu waliichagua siku hiyo kwa sababu ya jambo lililotangulia. Jambo la penseli haliendi ubaoni, hata likiwa tamu namna gani.

Anza na ya nyumbani

Orodha nyingi za mtandaoni zimejaa wafalme wa Ulaya na wachezaji wa sinema. Ukizinakili zilivyo, watu watapita kama hawakuoni. Anza na tukio la hapa, kisha nenda mbali. Kigoma ina hazina ya kutosha. Wavumbuzi wa Kiingereza Burton na Speke waliliona Ziwa Tanganyika 13 Februari 1858. Reli ya Kati ilifika Kigoma 1 Februari 1914. Jane Goodall alishuka ufukweni Gombe 14 Julai 1960, akiwa na mama yake, kuja kuwachunguza sokwe. Ernesto Che Guevara alivuka ziwa kutoka hapa akafika upande wa Kongo alfajiri ya 24 Aprili 1965. Ingiza hizi kwanza, kila moja ukurasa wake, halafu ndipo uanze kutafuta nani mwingine duniani ana siku hiyo.

Nichukue ukurasa mmoja nionyeshe unavyojaa. Ukurasa wangu ninaoupenda kuliko yote ni wa 26 Julai.

Ulianza na meli. Kila mtu Kigoma anaijua Liemba, lakini vijana wengi hawajui kwamba iliwahi kulala chini ya maji kwa miaka. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, kwa jina la Graf von Goetzen. Ikafumuliwa vipande, ikafungwa kwenye maelfu ya masanduku, ikaletwa Dar es Salaam kwa bahari na Kigoma kwa reli ile iliyokuwa imefika mwaka mmoja tu nyuma, ikaungwa upya hapa na kushushwa majini 5 Februari 1915. Vita vya kwanza vya dunia vilikuwa vimeshapamba moto. Mwaka uliofuata majeshi ya Wabelgiji yakawa yanakaribia Kigoma, na tarehe 26 Julai 1916 Wajerumani wakaizamisha wenyewe isije ikatekwa. Mafundi walizipaka injini zake grisi kabla ya kuizamisha, na hiyo grisi ndiyo iliyoiokoa. Wabelgiji waliiopoa baadaye, ikazama tena. Waingereza waliitoa majini mwaka 1924, na tarehe 16 Mei 1927 ikaanza safari upya ikiitwa Liemba. Kutoka tukio hili moja nilipata kurasa tatu: 5 Februari, 26 Julai na 16 Mei. Ndiyo maana nasema anza nyumbani. Tukio moja la kwenu likifuatiliwa vizuri linazaa mengine.

Baada ya meli nikauliza: Afrika je? Tarehe 26 Julai 1847 Liberia ilitangaza uhuru wake, ikawa jamhuri wakati karibu bara zima lilikuwa halijagawanywa bado na wakoloni. Bluu. Tarehe 26 Julai 1956, Gamal Abdel Nasser alisimama Alexandria mbele ya umati akatangaza kwamba Mfereji wa Suez sasa ni mali ya Misri. Jina la de Lesseps, yule Mfaransa aliyeuchimbisha mfereji, lilikuwa neno la siri; Nasser alipolitaja katika hotuba, watu wake wakaingia kwenye ofisi za mfereji. Nilitaka kuliandika kwa bluu mpaka nilipouliza kwa nini siku ile. Mfalme Farouk alilazimishwa kuacha kiti na akaondoka Misri kwa meli kutoka hiyohiyo Alexandria, tarehe 26 Julai 1952. Nasser alikuwa anaadhimisha mwaka wa nne wa kuondoka kwa mfalme. Nyekundu, tena nyekundu ya kukoza.

Halafu Cuba. Tarehe 26 Julai 1953 Fidel Castro na wenzake walishambulia kambi ya jeshi ya Moncada, mjini Santiago de Cuba. Walishindwa, wengi wakauawa, naye akafungwa. Chama chao cha mapambano kikajiita Harakati ya 26 Julai. Mwaka 1955 huko Mexico akakutana na daktari kijana kutoka Argentina, akajiunga nao. Daktari huyo ni Che Guevara, yuleyule aliyepanda boti hapa Kigoma miaka 10 baadaye kwenda kuwasaidia wapiganaji wa Kongo.

Niliposhika uzi huo nilikaa kimya dukani kwa muda. Tarehe ambayo Goetzen ilizama katika maji yetu ndiyo iliyokuwa jina la harakati ya mtu aliyekuja kuvuka maji hayohayo. Hapa lakini mwandishi wa ubao anatakiwa awe mwangalifu sana. Moncada na Goetzen hazihusiani kabisa. Tarehe yao ni bluu kwa bluu. Kinachounganisha ni Che, na Che ana ukurasa wake wa 24 Aprili. Ubaoni niliyaandika yote matatu, na chini nikaongeza mstari mmoja: "Siku zimeangukiana, mtu ndiye aliyefika." Kijana mmoja wa bodaboda aliuliza ni mtu gani, tukazungumza mpaka abiria wake akaanza kumpigia kelele.

Nyekundu ni ya nani?

Ukizoea kutafuta nyekundu utaanza kuona jinsi serikali na vyama vinavyozitumia siku. Tanganyika ilipata uhuru 9 Desemba 1961, na ikawa Jamhuri 9 Desemba 1962. Azimio la Arusha lilitangazwa 5 Februari 1967, na Chama Cha Mapinduzi kikazaliwa 5 Februari 1977, miaka 10 kamili. Hakuna bahati hapo, watu walikaa wakaichagua siku. Sasa weka pembeni yake Goetzen, iliyoshushwa majini hapa Kigoma 5 Februari 1915. Ukurasa mmoja una nyekundu na bluu, na mwanafunzi anayeutazama anajifunza tofauti bila kuhubiriwa.

Algeria ni mfano ninaoupenda kwa sababu wachaguzi wake walikuwa na kumbukumbu ndefu. Wafaransa waliuteka mji wa Algiers 5 Julai 1830. Algeria ilipojikomboa baada ya vita virefu, ilisherehekea uhuru wake 5 Julai, mwaka 1962. Walirudi palepale mlango ulipofungwa, wakaufungua siku ileile, baada ya miaka 132. Jirani zetu Burundi na Rwanda ni habari nyingine. Wote wawili walipata uhuru 1 Julai 1962 kwa sababu Umoja wa Mataifa uliamua udhamini wa Ubelgiji ukome siku hiyo. Nayo ni nyekundu, ila iliandikwa na wengine.

Hata sokwe wana nyekundu yao. Siku ya Sokwe Duniani ni 14 Julai, nayo ilichaguliwa kwa sababu ya ile siku Goodall alipofika Gombe. Watu wa Kigoma wanastahili kulijua hili zaidi ya mtu mwingine yeyote. Ukurasa huohuo una wananchi wa Paris walioivamia gereza la Bastille mwaka 1789, na mapinduzi yaliyoung'oa ufalme wa Iraq mwaka 1958. Hayo mawili ni bluu kwa Gombe, na yanakaa vizuri kama mstari wa pili na wa tatu.

Bluu nayo usiidharau. Ipo moja inayotisha. Mji wa Mexico ulipigwa na tetemeko kubwa 19 Septemba 1985, maelfu wakafa. Baada ya hapo wakaifanya 19 Septemba kuwa siku ya mazoezi ya kujiokoa nchi nzima. Tarehe 19 Septemba 2017, saa chache baada ya mazoezi, ardhi ikatikisika kweli, majumba yakaanguka na mamia ya watu wakafa. Tarehe 19 Septemba 2022, mazoezi yamekwisha punde tu, likaja jingine. Mazoezi ni nyekundu. Matetemeko ni bluu. Ardhi haina kalenda. Watu wakisoma haya barazani wataanza kusema kuna siri, kuna mkosi, na hapo ndipo unapowatolea ile hesabu ya watoto 23 darasani. Wengine hukubali, wengine huondoka wakitikisa kichwa. Wote wamesoma.

Tarehe yenyewe ni ya lini?

Hapa ndipo penseli inapofanya kazi. Chukua tarehe maarufu kuliko zote za kwetu: Stanley kukutana na Livingstone, Ujiji. Vitabu vingi vitakupa 10 Novemba 1871, na hiyo ni tarehe ya Stanley. Ukisoma shajara ya Livingstone mwenyewe, mkutano unaangukia mwishoni mwa Oktoba. Wote wawili walikuwa wametembea miezi mingi porini, wameugua homa, wanahesabu siku kwa kichwa na kwa daftari lililolowa. Mimi ubaoni huandika: "10 Novemba 1871, kwa hesabu ya Stanley." Maneno manne ya ziada yanatosha kuwa mkweli. Na tarehe 10 Novemba ina jambo lisilo na ubishi wowote wa siku: mwaka 1995 serikali ya kijeshi ya Nigeria ilimnyonga mwandishi Ken Saro-Wiwa pamoja na wenzake wanane, waliokuwa wakitetea ardhi ya Waogoni iliyoharibiwa na uchimbaji wa mafuta.

Kuna maswali manne ninayomuuliza kila tukio kabla halijatoka kwenye penseli. Ya kwanza: saa ngapi, na wapi? Neil Armstrong alikanyaga mwezi usiku wa 20 Julai 1969 kwa saa za Marekani. Kigoma ilikuwa inakaribia saa kumi na mbili alfajiri ya 21 Julai. Ukiandika 20 andika na "kwa saa za Marekani".

Pili, kalenda gani? Mapinduzi ya Urusi ya mwaka 1917 yanaitwa ya Oktoba kwa sababu kwao ilikuwa 25 Oktoba. Sehemu kubwa ya dunia ilikuwa tayari 7 Novemba, siku 13 mbele. Na kwa sisi ambao tuna wazee wa Ujiji, kalenda ya Kiislamu ni ya lazima kuijua. Mwaka wake una siku zipatazo 354, kwa hiyo kila mwaka unatangulia kwa siku kama 11. Bibi akikuambia jambo fulani lilitokea Mfungo Sita, siku ya Maulidi, usilipeleke haraka kwenye ukurasa wowote; tafuta kwanza mwaka, ndipo ujue Maulidi ya mwaka ule iliangukia mwezi gani. Tena kwa wazee hao siku huanza Magharibi. Usiku wa Ijumaa kwao ni ule ambao ofisini tungeuita Alhamisi usiku. Mwulize kwa adabu, "Ni usiku wa kuamkia lini?" na utata utakwisha. Ndivyo hata Mapinduzi ya Zanzibar yanavyosemwa: usiku wa kuamkia 12 Januari 1964.

Tatu, hiyo ni siku ya kuamua au ya kutangaza? Azimio la Arusha lilipitishwa na Halmashauri Kuu ya TANU huko Arusha mwishoni mwa Januari 1967. Siku tunayoijua, 5 Februari, ni ya kutangazwa. Andika neno "lilitangazwa" na hakuna atakayekushika.

La nne ndilo ninalolipenda, nalo ni hili: habari ilifika lini? Vita vya kwanza vya dunia vilikoma Ulaya 11 Novemba 1918. Huku kwetu Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa majeshi ya Wajerumani, na askari wake walikuwa bado wanapigana, wameshaingia Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo. Habari ilimfikia 13 Novemba. Alisalimisha silaha 25 Novemba 1918 huko Abercorn, mji unaoitwa sasa Mbala, karibu na ncha ya kusini ya ziwa letu hili. Kwa hiyo askari na wapagazi wa Kiafrika waliendelea kuchoka na kufa katika vita ambavyo wenyewe walikuwa wameshapeana mikono. Vita kimoja, kurasa tatu. Mwalimu atakayewapa wanafunzi kurasa hizo tatu kwa mfululizo, 11, 13 na 25 Novemba, atakuwa amefundisha kipindi kizima bila kufungua kitabu.

Kuhusu kuwauliza wazee, usianze na "mwaka gani". Mpe shikamoo yake, kaa, uliza ya nyumbani, kisha mpe kitu cha kuegemea: ulikuwa umeshaolewa? Ilikuwa kabla ya Uhuru au baada? Mvua zilikuwa zimeanza? Mtu anakumbuka mvua kuliko tarehe. Ukishapata nguzo mbili tatu, tarehe unaitafuta mwenyewe kwenye maandishi.

Siku za msiba

Kigoma ni mpakani. Wateja wangu wengine walizaliwa Burundi, wengine Kongo, na wapo waliovuka wakiwa watoto mgongoni. Siwezi kuandika 21 Oktoba 1993, siku Melchior Ndadaye, rais wa kwanza wa Burundi aliyechaguliwa kwa kura za vyama vingi, alipouawa na wanajeshi, kama ninavyoandika habari za meli. Kuna mtu atasoma ambaye maisha yake yaligeuka siku ile.

Ukurasa wa 7 Aprili ndio mzito kuliko yote. Mwaka 1972 Sheikh Abeid Amani Karume aliuawa Zanzibar. Mwaka 1994 mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalianza kuenea Rwanda, baada ya ndege ya Rais Habyarimana kutunguliwa usiku wa 6 Aprili, ikiwa na Rais Ntaryamira wa Burundi pia. Na tarehe hiyohiyo ni Siku ya Afya Duniani, kwa sababu Shirika la Afya Duniani lilianza rasmi 7 Aprili 1948. Siku hiyo naandika Karume na Rwanda peke yake. Afya ninaipeleka siku ya pili yake, na kichwa kinasema "Jana". Sichanganyi msiba na mpira wala na siku ya kuzaliwa ya mwanamuziki. Siweki alama ya mshangao. Siandiki namna watu walivyouawa. Naandika mahali, mwaka na majina. Mtu akitaka kusema, nampa kiti. Asipotaka, simuulizi.

Chaki

Mistari mitatu inatosha: wa nyumbani au jirani, wa Afrika, wa mbali. Mwaka uandike mkubwa, uonekane kutoka upande wa pili wa barabara. Anza na kitendo: "Wajerumani waizamisha Goetzen, Kigoma," siyo "Kuzamishwa kwa meli iliyojulikana kama". Nyekundu ya daftarini iwe nyekundu ya chaki pia. Masika tundika ubao ndani zaidi ya paa.

Zipo siku zisizo na jambo la nyumbani. Usilazimishe. Andika mawili ya mbali na uache mstari wa juu wazi, ukiandika tu "Kigoma:" na nukta mbili. Watu hawavumilii nafasi iliyo wazi. Watakuja kukuambia mambo, na wewe utayaandika kwa penseli. Na 29 Februari, kwa kuwa inakuja mara moja kwa miaka minne, iandalie mapema. Mimi nina tetemeko la Agadir, Morocco, la mwaka 1960, lililoubomoa mji karibu wote usiku mmoja.

Zile kurasa 18 za nyuma ni za mambo yasiyoingia kwenye ukurasa mmoja. Mkutano mkuu wa TANU uliofanyika Tabora Januari 1958, ambapo Nyerere aliwashawishi wenzake waingie kwenye uchaguzi wa kura tatu (kila mpiga kura achague Mwafrika, Mwasia na Mzungu), ulikuwa wa siku kadhaa. Unakaa nyuma, nami huutoa wakati wowote wa Januari ukurasa wa siku ukiwa mwepesi.

Kwa walimu walio Tabora, nimewaanzishia kurasa mbili. Ya kwanza ni 19 Septemba, ile ya Mexico. Ongezeni juu yake mwaka 1916: majeshi ya Kongo ya Wabelgiji chini ya Jenerali Charles Tombeur, askari wake wengi wakiwa Wakongo, yaliingia Tabora baada ya Wajerumani kuuacha mji. Serikali ya Ubelgiji baadaye ilimpa Tombeur jina la Tabora liwe sehemu ya jina lake la heshima. Ya pili ni 2 Desemba, siku aliyofariki Mtemi Mirambo wa Urambo, mwaka 1884. Napoleon alivikwa taji 2 Desemba 1804, mwaka uliofuata akashinda vita vya Austerlitz siku hiyohiyo, na mtoto wa mdogo wake akaichagua 2 Desemba 1851 kupindua serikali kwa sababu ya baba yake mkubwa huyo, kisha 2 Desemba 1852 akajitangaza mfalme mkuu. Kwa Mirambo yote hayo ni bluu. Kwa Ufaransa mnaamua wenyewe ipi iliangukia na zipi zilichaguliwa, na wanafunzi wapeni chaki waje kuzipigia mstari.